Nyangeta Aliyezaa Kila Mwaka

Kulikuwa na ng'ombe mmoja wa Bunda aliyejulikana Brazili, India na Ethiopia, ilhali majirani zake hawakumjali hata kidogo. Huko nje walimwita namba kumi na saba. Nyumbani aliitwa Nyangeta. Habari zake zilisema kwamba alizaa ndama wanane katika miaka minane, kwa nyasi za malishoni tu, bila pumba wala mashudu, na wataalamu waliozisoma walitikisa vichwa kwa mshangao. Aliyeziandika alikuwa Dk. Flora Eliasi, mtafiti wa uzazi wa mifugo, mwajiriwa wa chuo kikuu kimoja chenye kituo cha utafiti Musoma mjini. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mfupi, mcheshi, mwenye haraka ya kuongea na haraka zaidi ya kumaliza samaki kwenye sahani.

Kwa watu wa kazi yake, mali ni kutajwa. Unaandika makala, mwenzako wa mbali anaisoma, naye akiandika ya kwake anasema: jambo hili nimelitoa kwa Flora. Hapo umenukuliwa. Ukinukuliwa mara moja unafurahi kimyakimya, ukinukuliwa mara kumi unampigia mama yako simu. Makala ya Flora kuhusu ng'ombe wa kienyeji wa Bunda na Butiama ilikuwa imenukuliwa mara mia mbili na kumi na mbili. Makala zake nyingine kumi na nane, ukizichanga zote pamoja, hazikufika hata mia. Watu husema mama hana mtoto kipenzi, lakini hapa tusidanganyane, yule mmoja ndiye aliyekuwa akiwalisha wenzake.

Na ilikuwa na haki ya kupendwa. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa na siku kadhaa, kisha wa kwetu wa kienyeji hunyonyesha, hukonda, hupumzika, na mara nyingi mwaka na nusu hupita, hata miwili, ndipo azae tena. Waswahili wakamalizia kabisa kwamba ng'ombe wa maskini hazai. Flora aliwajibu kwa kurasa kumi na moja na majedwali sita kwamba anazaa, tena wapo wanaozaa kila mwaka. Kati ya ng'ombe arobaini na wanne aliowafuatilia, kumi na watatu walikuwa hivyo, na bingwa wao alikuwa Nyangeta.

Agosti hiyo Flora alikuwa anaomba kupandishwa cheo awe Profesa Mshiriki. Fomu alikwisha kuijaza, na mahali pa kuandika mchango wake mkubwa katika taaluma aliandika makala hiyo. Baba yake, Mzee Eliasi wa Mwitongo kule Butiama, alikuwa ameshatangaza jambo hilo kanisani kana kwamba limetokea. Waumini wenzake walianza kumwita Baba Profesa, naye aliitika bila kusita.

Wiki mbili kabla ya kamati kukaa, ikaja barua pepe kutoka Brazili. Kundi la watafiti lilitaka kujua siri ya damu ya namba kumi na saba. Walimwomba Flora awatumie nywele za mkia za wajukuu na vitukuu wake, na walikuwa wamempata kijana wa kuifanya kazi hiyo kwa miaka mitatu. Flora aliisoma barua akicheka peke yake ofisini. Kesho yake asubuhi akawasha gari lake dogo akaenda Bunda.

Nyangeta aliishi kwa marehemu Mzee Stanislausi, na aliyemkamua miaka yote alikuwa mjane wake, Bibi Lukresia. Flora alimkuta amekaa kwenye turubai, anachambua pamba, akitoa majani makavu na kutupa pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Hiyo kazi yako haikuonei."

Flora akaketi, akasaidia kuchambua, wakaulizana habari za watoto na za mvua, na mambo yalipokwisha kukaa sawa ndipo akaleta lake. "Mama, nimekuja kwa ajili ya yule Nyangeta aliyekuwaga anazaa kila mwaka. Nataka kuona wajukuu zake. Nitang'oa nywele chache tu za mkia."

Bibi Lukresia akamwangalia. "Nyangeta yupi?"

"Huyo huyo wa zamani."

"Ndiyo nakuuliza. Nyangeta wa teke, Nyangeta wa wimbo, au Nyangeta wa chuchu tatu?"

Flora aliacha kuchambua, pamba ikiwa bado mkononi. Kwanza alidhani uzee umemchanganya bibi wa watu. Lakini Bibi Lukresia hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo, na alianza kueleza kwa raha, kama mtu anayewakumbuka mashoga zake wa ujanani. Wa teke alirusha mguu wa kushoto kila ukimgusa. Wa wimbo hakushusha maziwa mpaka umwimbie, tena hakutaka nyimbo za kwaya. Wa chuchu tatu alikuwa mpole, ila chuchu ya nne haikutoa kitu. Wote wekundu, wote na pembe fupi, mtu wa njiani asingewatofautisha.

"Kwa hiyo walikuwa watatu," Flora akasema, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Wanne. Mmoja hakukaa sana, alikuwaga anakula kanga zangu kwenye kamba."

"Lakini mama, mwaka elfu mbili na tisa nilikaa hapa hapa na daftari. Nikakuuliza ng'ombe anaitwaje, ukasema Nyangeta. Nikakuuliza alikuwa anazaa kila baada ya muda gani, ukasema kila mwaka."

"Si ndivyo ilivyokuwa? Kila mwaka kwenye zizi hili Nyangeta alizaa. Wewe uliuliza jina, nikakupa jina. Kwamba Nyangeta ni wangapi, hukuuliza."

Hapa lazima niwaeleze ambao hawakuzaliwa kwetu. Mtu wa Mara mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake, kwa sababu zizi lililojaa linaita macho, linaita ndugu, linaita wakwe. Kwa hiyo huwapeleka wengine kwa rafiki wa mbali. Rafiki anachunga, anakamua na kunywa maziwa; ndama ni wa mwenyewe. Sasa ng'ombe akikauka, watoto wa rafiki hawawezi kunywa ngozi, basi mwenyewe humwondoa na kuleta mwingine anayekaribia kuzaa. Humleta siku ya mnada, katikati ya kundi linalopita barabarani, maana siku hiyo nani atauliza ng'ombe huyu anakwenda wapi. Na ili majirani wasianze kuhesabu, mgeni hupewa jina la yule aliyeondoka. Jina la mwenye mali halitamkwi kabisa. Hata mke wake huenda asijue.

Flora alizaliwa Mwitongo, ndiyo, lakini akiwa na miaka kumi na mmoja alikuwa tayari bwenini, na ng'ombe aliwajua zaidi vitabuni. Alipokuja na utafiti wake, wafugaji walikataa katakata ng'ombe wao wavalishwe hereni za namba masikioni, akaona basi, atatumia majina. Alijisifu hata kwenye makala kwamba wafugaji wa Mara wanawajua ng'ombe wao kwa majina. Sasa alikaa juu ya pamba ya watu, uso umemwiva kwa aibu.

"Na kule kwingine nilikopita? Waliozaa kila mwaka?"

Bibi Lukresia akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, ng'ombe hodari wote wa Bunda ni wageni."

Flora hakurudi moja kwa moja. Alipita nyumba nne nyingine alizokuwa nazo kwenye daftari, akawatafuta kina mama waliokuwa wakikamua, na mara hii akauliza swali ambalo miaka kumi na sita iliyopita hakuliuliza. Majibu yalikuwa yale yale. Katika nyumba ya mwisho walimwambia kwamba ng'ombe wao aliyezaa mara sita kwa kweli alikuwa ng'ombe wawili na mtamba mmoja.

Ofisini Musoma alimweleza mwenzake Faustine, mtu wa takwimu, ambaye alikuwa amekaa mbele ya sahani ya sato na ugali. Faustine alisikiliza bila kuacha kutafuna. Alipomaliza alinawa, akafunga mlango.

"Kamati inakaa lini?"

"Alhamisi ya wiki ijayo."

"Basi wewe huendi Bunda tena mpaka Ijumaa. Mtu gani atatoka Brazili kuja kumuuliza bibi wa watu habari za wimbo wa kukamulia? Upate cheo kwanza, halafu usahihishe ukiwa profesa. Kosa la profesa linaitwa mjadala."

Flora alicheka, kwa sababu Faustine alikuwa anachekesha na kwa sababu ushauri ule ulikuwa mtamu. Siku mbili nzima aliukumbatia. Aliogopa kweli, si utani. Makala ile ikianguka, anabaki nani? Mwanamke mwenye makala kumi na nane zisizosomwa na baba aliyekwisha kutangaza kanisani. Siku ya tatu aliifungua tena ile barua ya Brazili ili aijibu, akakuta jina la yule kijana aliyechaguliwa. Alikuwa binti, na chini yake ameandika mwenyewe mstari mmoja wa shukrani, kwamba amesoma kazi ya Dk. Flora tangu mwaka wake wa kwanza chuoni. Huyo alikuwa aende kutumia miaka mitatu ya ujana wake kumtafuta Nyangeta ambaye hayupo. Flora akasema la, hilo hapana. Aliwaandikia Brazili ukweli wote, akaliandikia jarida lililoichapa makala, akaiandikia na kamati.

Mhariri wa jarida alijibu upesi. Alimpa njia mbili. Ama makala iondolewe yote, na tangazo la kuondolewa kwake libaki kwenye mtandao likimfuata popote jina lake liendako. Ama isahihishwe, maana ng'ombe thelathini na mmoja hawakuwa na tatizo. Lakini kwa wale kumi na watatu jarida lilitaka ushahidi. Waliokaa chini ya kila jina walikuwa wangapi, waliingia lini, waliondoka lini, na mwenye mali athibitishe kwa jina lake. Alipewa wiki sita.

Kwa hiyo kazi yake yote ya miaka ishirini ilikuwa mikononi mwa watu waliokula kiapo cha kutosema. Akaanza na Bibi Lukresia.

"Mimi tarehe nitakupa," bibi akasema. "Wa teke aliingia mwaka niliojifungua kitinda mimba wangu, wa wimbo mwaka ule pamba ilipoozea mashambani. Lakini mwenyewe simtaji. Stanislausi alikufa nalo, na mimi nitakufa nalo." Akachambua pamba kidogo, kisha akaongeza bila kuinua macho, "Kaulize nyumbani kwenu."

Mzee Eliasi alikuwa anamenya mihogo nyuma ya nyumba pale Mwitongo. Alikuwa na miaka sabini na minane, mwembamba, msafi, mtu wa kukunja mikono ya shati mara mbili kamili. Flora alimsalimu, akakaa kwenye kigoda, akaeleza mambo yote tangu turubai la pamba mpaka barua ya mhariri. Flora alipomaliza, mzee alikuwa amemenya muhogo ule ule mpaka ukabaki kama penseli.

"Baba, wale ng'ombe wa Lukresia walikuwa wa nani?"

"Wangu."

Flora alikwisha kukisia tangu Bunda, lakini kulisikia ni kitu kingine.

"Ulipofaulu kwenda kidato cha tano," mzee akasema, "nilikuwa na ng'ombe sita wazuri. Nikajua wakibaki hapa hawatavuka mwaka. Kila kijana wa ukoo anataka kuoa, na mahari tunachangiana, ndiyo desturi, hakuna anayekataa. Nikawapeleka, wengine Bunda, wengine Kiriba, nikawa nawazungusha. Nyumbani nikasema ugonjwa umewamaliza. Kila shule ikifunguliwa nauza mmoja. Miaka miwili ya kidato cha tano na sita, minne ya chuo. Wewe umesoma ng'ombe sita, mama."

Flora alilia. Alilia machozi ya kweli, kamasi na kila kitu, daktari mzima wa falsafa, na baba yake akamtazama kwa huruma kisha akampa kitambaa chake cha kanisani.

"Sasa nisaidie na hili la mwisho," Flora akasema alipokwisha kujifuta. "Sema mbele ya watu. Ukisema wewe na wengine watasema."

Hapo mzee akatikisa kichwa. Shida haikuwa watu, shida ilikuwa mtu mmoja, kaka yake, Mzee Werema, nyumba ya tatu kutoka pale. Mwaka elfu mbili na moja Werema alikuja kwa heshima kuomba ng'ombe watatu wa kuongezea mahari ya mwanawe Emanuel. Eliasi alimtazama machoni akamwambia zizi ni tupu. Werema aliamini, akamwombea kwa Mungu ampe wengine.

"Aliniombea, Flora. Alipiga magoti hapo mlangoni. Nitaanzaje?"

"Mficha uchi hazai, baba."

Mzee alimkazia macho. "Hilo ndilo la kumwambia baba yako?"

"Ndilo ninalolifundisha chuoni," Flora akasema, na mzee, asitake, akatabasamu.

Alimkatalia siku ile. Akamkatalia na kesho yake kwa simu. Siku ya tatu alipiga mwenyewe, akasema Jumapili baada ya ibada aje na daftari, amlete na Lukresia.

Walikutana nyumbani kwa Mzee Eliasi, kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa. Walikuwepo ndugu wa ukoo, marafiki watatu wa zamani kutoka Bunda na wake zao, Bibi Lukresia katika kitenge kipya, na Emanuel aliyekuja kutoka Musoma na mkewe Lilian. Mzee Werema alikaa mbele, mtu mkubwa, mzito, mkono wake juu ya fimbo. Mzee Eliasi alisimama. Hakuzunguka mbuyu. Alisema aliwaficha ng'ombe, akasema wapi, akasema kwa nini, akamgeukia kaka yake akasema nilikudanganya.

Kuku akapita kati yao, hakuna aliyemfukuza.

"Mwaka ule," Mzee Werema akasema mwishowe, "walikuwa wangapi?"

"Wakubwa watano."

"Na mimi nilikuomba wangapi?"

"Watatu, kaka."

Werema akamwangalia mwanawe. Emanuel alikuwa amechumbia binti wa Kiriba mwaka ule. Wakwe walisubiri, wakachoka, binti akaolewa na mwingine. Miaka minne ikapita kabla Emanuel hajaoa. Kila mtu pale aliijua habari hiyo, na sasa kila mtu aliijua sababu yake. Lilian, ambaye hakuwa binti wa Kiriba, akajikohoza.

"Samahani wazee. Kwa hiyo mimi hapa nililetwa na Nyangeta?"

Emanuel ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikapita viti vyote, isipokuwa cha Mzee Werema. Lakini hewa ilikuwa imelegea, na katika kulegea huko ndugu yao mdogo, Mugeta, akainua mkono kama mtoto wa shule. Akasema, kwa kuwa leo ni siku ya kusema, yeye pia alikuwa na wawili Kiriba. Rafiki mmoja wa Bunda akasema wake walikuwa watatu, tena kwa jirani wa Lukresia. Wa pili akasema wake walivushwa mpaka kisiwani Rukuba kwa mtumbwi, mke wake akaruka kitini kumuuliza ni ng'ombe gani hao. Ikawa zogo. Flora alikimbiza kalamu, akiuliza mwaka, rangi, uzazi wa ngapi, na Bibi Lukresia akimsahihisha kila mzee aliyetia chumvi. Kabla chai haijaiva, mambo ya majina tisa kati ya kumi na matatu yalikuwa yamejulikana, na wale wazee walikuwa wakitaja wengine wa kuwapigia simu.

Mtu mmoja tu hakuwa na la kukiri. Mzee Werema hakuwahi kuficha ng'ombe. Wote aliokuwa nao walionekana zizini, na kila aliyeomba alipewa, na ndiyo maana ilipofika zamu ya mwanawe hakuwa nao.

Mugeta akamuuliza anataka faini gani. Wote walijua jibu: mtamba mmoja, pengine wawili, na Eliasi alikwisha kuwaandaa. Werema alimgeukia Flora.

"Mama, hebu nieleweshe. Hiyo karatasi yako inasomwa na nani?"

"Watu wa kazi yangu, baba mkubwa. Wa nchi nyingi. Wakiisoma wananitaja kwenye zao. Mpaka sasa wamenitaja mara mia mbili na kumi na mbili."

"Na humo ndani wewe umemtaja nani?"

"Walimu wangu. Waliotangulia kuandika. Na mwishoni kuna shukrani, nimemtaja baba."

"Mimi je?"

Flora aliinamisha macho. "Hapana, baba mkubwa."

"Basi faini yangu ndiyo hiyo. Mtamba sitaki, nitamweka wapi na uzee huu. Andika kwamba ng'ombe watatu kati ya hao niliwaomba nikanyimwa, na mwanangu alisubiri miaka minne. Uandike kwenye karatasi hiyo hiyo, kwa jina langu."

Flora aliandika. Makala iliyosahihishwa ilisema kwamba ng'ombe arobaini na wanne kumbe walikuwa sabini na mmoja, kwamba ng'ombe wetu wa kienyeji huzaa kila baada ya miezi kumi na minane hivi kama wa kienyeji wenzake wa kwingineko, na ikaeleza desturi ya kuwekesha ng'ombe ili mtafiti mwingine asijikwae hapo hapo. Mwishoni kulikuwa na ile sentensi ya Mzee Werema. Mhariri aliuliza kwa adabu kama sentensi hiyo ni ya lazima. Flora alijibu kwamba bila ng'ombe hao mwandishi wa makala asingekuwepo, kwa hiyo ni ya lazima kuliko jedwali la tatu. Mhariri akaondoa jedwali la tatu.

Wiki iliyotoka makala, kamati nayo, iliyokuwa ikisubiri uamuzi wa jarida, ilijibu. Flora alichukua karatasi zote mbili akaenda Mwitongo, akawakuta wazee wote wawili wamekaa pamoja, kitu ambacho hakikuwa kimeonekana tangu ile Jumapili. Alianza na baya. Kamati imemshukuru kwa uaminifu wake, imeahirisha ombi lake mpaka mwakani, aombe upya kwa kazi nyingine. Mzee Eliasi alikunja mikono ya shati, akaikunjua, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ndiye aliyemharibia mtoto.

"Soma hiyo nyingine," Mzee Werema akasema.

Flora akasoma sentensi ile moja, akiitafsiri polepole. Werema alisikiliza macho ameyafumba. Akamwomba arudie. Akamuuliza kama ni kweli ameandika neno kwamba alinyimwa, au amelilainisha. Flora akamwonyesha kwa kidole mahali lilipo.

Mzee akaichukua karatasi, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Kisha akaweka mkono wake mzito juu ya goti la ndugu yake.

"Eliasi," akasema, "huyu mtoto tulimsomesha wawili."

Mzee Eliasi alisema ndiyo, wawili, kaka, na akamwambia Flora mwakani akijaza fomu aandike hivyo hivyo.